Mukono kwenye paji ya ndume

Nimeacha kazi. Magoti ndiyo yaliacha kwanza, miye nikayafuata. Ninyi wenye kubaki kwenye ferme hii ya ngombe mumeniomba niandike mambo ya kazi mbele ya kusahau. Sawa. Nilifika mwaka wa pili wa primaire, halafu baba akasema ngombe hazijui kungojea kengele ya masomo, kwa hiyo musitafute virgule na alama za maandishi humu. Mambo ya cheo na mushahara sitaandika. Mwenye kutaka kujua mushahara yangu aangalie nyumba yangu, atapata jibu.

Nitaandika ndume. Kila mumoja wenu, siku yake ya kwanza, nilimusimamisha mbele ya lupango, boma ya ndume, na kumuambia namna ndume moja ya ferme hii iliua Papa Murhula. Munafikiri munaijua ile habari. Munajua nusu.

Nilifika hapa wakati inchi ilikuwa imeanza tu kuitwa Zaïre. Nilitoka milima ya Walungu kwa miguu, fimbo ya baba kwenye bega, viatu mukononi ili visiishe njiani. Nilikuwa na miaka makumi mbili na kitu, na kichwa kigumu. Ferme ilikuwa ingali ya muzungu mumoja mukimya, mwenye ngombe za kwao, za rangi ya kahawia, migongo sawa kama meza. Kwetu tulikuwa na ngombe ine, ndogo, zenye kupanda milima kama mbuzi. Nilipoona ndume ya kwanza ya pale, shingo yake ilikuwa inapita upana wa mulango wetu. Nikajifanya sikushangaa.

Kapita wa ndume, musimamizi wetu, alikuwa Papa Murhula. Mutu mufupi, bote za kauchu mpaka magotini, mukono wa kushoto una vidole vitatu. Viwili kamba iliviondoa zamani, siku aliifunga kwenye mukono wake na ndume ikakimbia. Aliniangalia kutoka miguu mpaka kichwa.

"Unajua ngombe?"

"Nimezaliwa nyuma ya ngombe, papa."

"Nyuma ya ngombe kunatoka mavi," akasema. "Kuya mbele, utafundishwa."

Wengine walicheka. Miye sikucheka. Ile kicheko niliibeba miaka mingi, na mutaona ilinifikisha wapi.

Vyombo vya Papa Murhula vilikuwa vitatu. Cha kwanza, fimbo ya mukaratusi, ndefu kupita mutu, yenye ndoano ya chuma kwenye ncha. Ndoano inaingia kwenye pete ya pua, na ndume haiwezi kukufikia, juu fimbo iko kati yenu. Kila asubui alikuwa anaijaribu ile ndoano kwa goti lake, hata kama jana ilikuwa nzima. Cha pili ni ule mulango wa mutu: pengo kati ya nguzo mbili za lupango, mutu anapita kwa ubavu, ndume inabaki na pembe zake nje. Alijenga mapengo ine, moja kila upande, na akatupimisha sisi wote. Mumoja wetu mwenye tumbo hakupita. Papa akamuambia, "Weye uchague: kasigisi ao ndume." Yule akachagua kasigisi, pombe yake ya ndizi, akapelekwa kwenye maziwa.

Chombo cha tatu ni mukono wake muzima, ule wa kuume. Ndume ikija juu yake, hakukimbia. Aligeuka, akasimama wima, akainua mukono wazi mbele ya macho ya ile ndume, vidole juu, akasema polepole: "Simama, baba. Simama." Na ndume ilisimama. Niliona hivyo kwa macho yangu zaidi ya mara kumi. Alikuwa anasema ngombe inaogopa kitu yenye haikimbie.

Na alikuwa na sheria moja yenye alikuwa anairudilia kuliko zote: usiguse kichwa ya ndume. Gusa shingo, gusa mugongo, gusa mapaja kama umechoka kuishi. Lakini paji, hapana. Hata ndama.

Hii sheria niliidharau. Kwetu milimani, ndama ndume tunaifundisha kusukuma. Unaweka mukono wazi kwenye paji yake, unasukuma kidogo, nayo inasukuma, unarudi nyuma, unaisifu. Inaanza ikiwa na wiki mbili. Njo maana siku makundi yanakutana kwenye malisho, ndume yenu haitakimbia mbele ya ndume ya jirani na kuwatia haya. Baba yangu alifanya vile, na baba yake. Hakuna mutu aliyekufa. Kwetu ndume ni ndogo, na inakua katikati ya ngombe zingine zenye kuipiga adabu kila siku. Hiyo sehemu ya pili sikuifikiria.

Ngombe moja ikafa na ugonjwa wa kupe, ikaacha ndama ndume ya siku tatu. Ndama nikapewa miye. Iliwekwa peke yake kwenye kibanda, mbali na zingine, ili kupe zisiifikie, na nikainywesha maziwa kwenye ndoo, vidole vyangu kinywani mwake. Muzungu aliipa jina ya Baron. Haukupita wakati, sisi wote tukaambiwa kutupa majina ya kizungu na kushika ya mababu, na Baron naye akatupa yake. Papa Murhula akaiita Cihembe, juu pembe zilikuwa zimeanza kuonekana. Ni ngombe peke yake ninayojua iliyofuata sheria ya serikali bila kunung'unika.

Nilicheza nayo kila magaribi. Mukono kwenye paji, sukuma, rudi, sukuma. Ilikuwa inanisikia nikiwa mbali na kuanza kupiga miguu chini. Siku moja Papa Murhula akaingia bila kupiga hodi.

"Balagizi. Unafanya nini?"

"Naichezesha, papa. Iko peke yake."

"Unaifundisha nini?"

"Hakuna. Ni mutoto."

Akachuchumaa kwenye majani makavu, akaiangalia ndama sana. "Sikia. Hii haina mama, haina ndugu. Weye njo mama, weye njo ndugu. Leo inakusukuma na kilo makumi ine. Kesho? Uache huu mucheso."

"Nimesikia."

Nilisikia. Sikuacha. Moyoni nilisema: huyu muzee anafundishwa na buku ya muzungu, miye ni mutoto ya ngombe. Nikafunga mulango wa kibanda na kuendelea. Niliendelea mpaka ikawa inanifikisha ukutani, na hapo nikaacha, si kwa kusikia, ila kwa kuogopa. Lakini ngombe haijui umeacha. Ngombe inangojea.

Halafu mashamba ya wazungu yakatolewa na kupewa wenyeji. Muzungu wetu akaenda na masanduku mawili. Aliyepata ferme alikuwa mufanyabiashara wa mujini. Wakati ule sisi wote tulikuwa citoyen, lakini huyu tulimuita Citoyen tu, bila jina, na ilitosha. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu wa duka. Alikuja Siku ya Mungu na viatu vyeupe, akauliza kwa nini ngombe zinakula kila siku. Dawa ya kupe ikaisha, hakununua ingine. Ndume mbili zikauzwa nyama. Ikabaki Cihembe, na sasa ilikuwa ndume kamili: paji kama meza ya seremala, pete kwenye pua, peke yake kwenye lupango ya mawe.

Papa Murhula akaanza kukosa usingizi juu yake. Cihembe haikuwa na hasira kama ndume zingine. Ndume ya hasira inakupa ubavu kwanza, inachimba udongo, inatoa sauti ya chini, unajua. Hii ilikuja na masikio laini. Ilimubana mumoja wetu kwenye nguzo, ikamuvunja mbavu mbili, halafu ikasimama pale inangoja, kama mutoto mwenye ametupa mupira.

Papa akaenda kwa Citoyen, kofia mukononi. Miye nilikuwa nyuma yake, nimesikia yote.

"Citoyen, hii ndume iuzwe nyama."

"Papa Murhula, unajua mwana wangu anaoa Walungu?"

"Najua. Tunashukuru Mungu."

"Cihembe njo itatembea mbele ya ngombe za mahari. Bakwe balikuya kuiona, balishika vinywa. Sasa niwapelekee nini? Mbuzi?"

"Itaua mutu."

"Weye njo fundi yake. Ndiyo sababu uko."

Jioni ile Papa aliniita kwenye kibanda cha vyombo. Alikuwa anapaka mafuta ya mawese kwenye kamba, vidole vyake vitatu vinashika, vitano vinapaka. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Balagizi. Kuna kitu yenye inaiita hii ndume, na sijakiona. Ule mucheso wa mukono, uliuacha ile siku?"

Nilisema sitaandika cheo. Hii moja naandika, juu ndiyo iliyoziba kinywa yangu: wiki ile ile nilikuwa nimetajwa wa pili kwenye ndume, nyuma yake, na kupewa chumba cha matofali, miye na bibi yangu. Na kulikuwa kile kicheko cha siku ya kwanza.

"Niliacha, papa."

"Ile siku ile?"

"Ile siku ile."

"Apa."

"Naapa."

Akatikisa kichwa. "Basi ni damu yake tu. Damu tunaweza kuisimamisha." Akatundika kamba kwenye musumari.

Ilikuwa asubui, mvua ilikuwa imenyesha, mawe yanateleza. Tuliingia wawili kama sheria inavyosema, yeye na fimbo, miye na kamba. Alitia ndoano kwenye pete, tukaanza kuipeleka kwenye maji. Katikati ya lupango Cihembe ikateleza na miguu ya nyuma, ikainua kichwa kwa nguvu, na ndoano ikafunguka. Fimbo ikaruka. Kamba ikaniponyoka. Nilikuwa karibu na pengo, nikapita kwa ubavu, sikukumbuka hata kupima tumbo.

Papa Murhula alikuwa na hatua tatu mpaka pengo ya upande wake. Hatua tatu. Angepita. Lakini alikuwa na neno langu kwamba hii ni ndume kama zingine. Akageuka, akasimama wima, akainua mukono wazi mbele ya macho yake.

"Simama, baba."

Niliona ule mukono unapanda. Nilijua kabla ya ndume kujua. Nilikuwa na neno moja la kusema: shusha! Liko moja tu, fupi. Halikutoka.

Masikio ya Cihembe yakawa laini. Haikukimbia. Ilitembea, ikaweka paji yake kwenye ule mukono, taratibu, kama mutu anayeweka kichwa kwenye muto. Na ikasukuma. Ikamusukuma mpaka ukuta wa mawe, na ukuta ulipofika, ikaendelea.

Nilirudi ndani, hiyo siikatai. Nikapiga makofi, nikainua mukono wangu. Ikamuacha palepale, ikanifuata, na miye nikapita pengo. Wengine wakamutoa kwa upande mwingine.

Tukamubeba kwenye kipoyi kwenda hospitali ya mujini, juu gari ya Citoyen ilikuwa mujini na Citoyen. Wanne tunabeba, wanne wanangojea zamu. Miye nilikuwa mbele, upande wa kichwa, uso wake karibu na kiwiko changu. Hakulalamika. Pumzi yake ilikuwa na maji ndani. Tulipofika kwenye mupindo wenye ziwa linaanza kuonekana, akafungua macho.

"Balagizi."

"Papa."

"Ulisema uliacha."

Wengine hawakusikia, walikuwa wanaimbia miguu yao. Ningeweza kuapa tena.

"Sikuacha, papa."

"Njo maana nilisimama," akasema.

Alikufa mbele hatujafika kwenye lami.

Baada ya maziko, Citoyen akasema ngombe haina dhambi, mahari iko palepale. Hapo bibi ya Papa Murhula, Maman Nsimire, akaja na kuketi chini kwenye mulango mukubwa wa ferme. Hakulia, hakupiga kelele. Gari la Citoyen likifika, alikuwa hapo. Likitoka, alikuwa hapo. Siku ya pili Citoyen akashuka.

"Maman, unataka nini? Sema."

"Sitaki kitu, Citoyen. Nangojea tu niione ikitoka. Nitaifuata nyuma mpaka Walungu, nikawaambie bakwe yako namna gani inaitwa."

"Inaitwa Cihembe."

"Hapana. Sasa inaitwa Murhula. Muoe nayo."

Maneno yale yalifika Walungu mbele ya mutu yeyote kupanda gari. Bakwe wakatuma habari kwamba hawatafunga ngombe yenye damu ya mutu kwenye boma lao, hata kama ingekuwa na pembe za zahabu. Citoyen akaagiza iuawe.

Sasa nani ataingia? Muchinjaji wa mujini aliangalia juu ya ukuta, akasema yeye anachinja ngombe, hapigani na kamyo ya mizigo. Wakaleta gendarme na bunduki. Ndume ilikuwa imesimama kona ya mbali, na gendarme alisema risasi zake ni mbili, na kwa mbali hataki kuikasirisha tu. Inatakiwa paji, karibu.

Watu wote wakaangalia chini. Maman Nsimire alikuwa pale, amesimama na kitenge cha musiba, hatua kumi nyuma yetu.

Nikaenda kwenye pengo. Nikapitisha mukono wangu wa kuume kati ya nguzo mbili, wazi, vidole juu.

Cihembe ikaniona. Ikaja kutoka kona ile, polepole, masikio laini. Tangu nilipoacha kucheza nayo miaka ilikuwa imepita, na haikuwa na kinyongo. Ikaweka paji kwenye mukono wangu. Ilikuwa ya moto, na nywele zenye kujipinda katikati, palepale penye nilikuwa nakuna wakati ilikuwa inakunywa kwenye ndoo. Ikasukuma kidogo, ikangoja nisukume.

"Ondoa mukono, ndugu," gendarme akasema karibu na sikio langu.

Nikaondoa. Ndume ikabaki na kichwa chini, inangojea mukono urudi.

Risasi moja ilitosha.

Watu wakaanza kusema mambo ya kisu na ya nyama, kama kawaida. Maman Nsimire hakusema nyama. Alinijia.

"Ilikuja kwako kama mbwa," akasema.

Nikapangusa mukono kwenye suruali.

"Muzee wangu alichunga ngombe hii miaka na haikumujia hivi. Njo weye?"

"Njo miye, maman. Niliifundisha. Na nilimudanganya."

Nilifikiri atanipiga. Ningependa anipige. Alifunga kitenge chake vizuri kwenye kiuno. "Utabakia hapa," akasema. "Usikimbie kwenu. Kila mutu mupya mwenye atakuya kufanya kazi na hizi ngombe, utamuambia asiguse kichwa ya ndume, na kwa nini. Na utataja jina. Yako, si ya mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilibakia. Citoyen akashindwa, akaja mwenye ferme mwingine, na mwingine, ninyi mumefika wakati wa hawa wa mwisho. Ndume zenye nimeongoza sizihesabu. Hakuna iliyoua mutu tena, na hakuna ndama iliyoguswa paji mbele ya macho yangu. Mumoja wenu anakumbuka kofi langu. Nilifunga ndoano upya, sasa zina kizuizi, nilikichora mwenyewe kwenye udongo na fundi wa chuma akakielewa. Hayo nilifanya.

Maman Nsimire nilikuwa nakutana naye kwenye soko ya Siku ya Posho, jumamosi. Kila mara alisimamisha kikapo chake.

"Kuna wapya?"

"Kuna wawili, maman."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Na jina?"

"Nilitaja, maman."

Sasa mukumbuke siku zenu za kwanza, mbele ya lupango. Nilisema nini? Nilisema: kulikuwa mutu mumoja hapa, alidharau sheria, alifundisha ndama kusukuma, halafu akadanganya. Mutu mumoja. Mumoja wenu aliniuliza mbele ya wote, "Papa, yule mupumbavu alikuwa nani?" na miye nikamujibu kwamba alikufa zamani. Mukacheka. Nikacheka nanyi.

Maman Nsimire tumemuzika mbele ya mavuno ya maharagi. Nilibeba upande wa kichwa.

Yule mutu mumoja ni miye, Balagizi, wa milima ya Walungu. Fimbo ya Papa Murhula iko kwenye kibanda, kwenye musumari ileile ya kamba, muipake mafuta. Hii karatasi ikae karibu yake. Mutu mupya akifika, musimamisheni mbele ya lupango na mumusomee yote. Mukifika kwenye jina, musiruke.